Jipsamu Bafuni, Pwani Hii? Mimi Nasema Hapana



Leo siandiki juu ya ufuta wala juu ya viwavi. Naandika juu ya bafu. Najua wapo watakaosema bwana shamba amekosa kazi. Lakini fedha ya shamba haiishii shambani. Mtu ameuza ufuta, korosho au kamba, amelipa madeni na ada za watoto, na kilichobaki anakiweka kwenye nyumba. Siku hizi naona kilichobaki hicho kinapanda gari kwenda Bagamoyo au Dar es Salaam na kurudi kikiwa bodi nyeupe za jipsamu. Sebuleni sina neno. Chumbani sina neno. Bafuni nina neno, tena nalisema bila kumung'unya.

Ukuta unaorushiwa maji, hapa pwani kwetu, usifunikwe kwa jipsamu. Anayekuambia puti na rangi zitaikinga, ama hajui, ama anajua na anataka hela yako.

Naanza na aibu yangu

Sisemi haya kwa kusikia. Nilifanya mwenyewe, kwa mikono yangu, nyumbani kwangu.

Lipu ya bafu langu ilikuwa imeanza kubanduka kwa chini. Kila nikifagia napata unga mweupe wa chumvi. Badala ya kujiuliza chumvi ile inatoka wapi, nikafungua simu nikatazama video. Mzungu anapachika bodi ukutani, anapiga skrubu, anabandika utepe kwenye maungio, anapaka puti, anapiga msasa, anapaka rangi, kwisha. Nikasema hili hata mimi naliweza.

Nikanunua bodi nne za meta 1.2 kwa 2.4, skrubu nyeusi, utepe na mifuko ya puti. Nikapiga fremu ya mbao juu ya ukuta ule ule unaotoa chumvi, nikafunga bodi. Kazi ilinichukua siku tatu, na sitasema uongo, ilipendeza. Ukuta ulinyooka kama karatasi. Majirani walikuja kuangalia, na wawili wakaniomba niwaelekeze. Namshukuru Mungu sikuwahi.

Ikaja masika. Kufika Mei, upande wa chini, pale maji ya kuoga yanaporukia, bodi ilikuwa imevimba. Kila kichwa cha skrubu kilitoa doa la kutu likapenya rangi. Kwenye kona za juu ikatokea ukungu mweusi, na bafu likawa na harufu kama gunia lililolowa. Nilipobonyeza ukuta kwa kidole gumba, kidole kikazama. Nilipoing'oa nikakuta mchwa wameshapanda kwenye fremu wanakula mbao na karatasi ya bodi pamoja.

Mama watoto aliniuliza swali moja tu: "Mahindi unawakataza watu kuyaweka chini yasinyonye unyevu. Ukuta je, hukuujua?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana naandika.

Jipsamu ni kitu gani

Jipsamu ni mawe laini yanayochimbwa ardhini. Hata nchini kwetu yapo, huko Makanya wilayani Same na huko Kilwa. Viwanda vya saruji huweka jipsamu kidogo ndani ya saruji ili isigande upesi mno. Kwa hiyo simtukani mgeni. Jipsamu ni ndugu wa siku nyingi, ila kila ndugu ana kazi yake.

Sisi watu wa kilimo tunaijua kwa kazi nyingine. Shamba likiwa na magadi, udongo umekuwa mgumu na maji hayapenyi, moja ya dawa zake ni jipsamu. Karanga zikikosa kalisi zikatoa maganda matupu, jipsamu husaidia. Inasaidia kwa nini? Kwa sababu inayeyuka kwenye maji. Ukiimwaga shambani na mvua ikanyesha, inayeyuka kidogo kidogo na kwenda kwenye mizizi. Lita moja ya maji huyeyusha takribani gramu 2 zake.

Sasa nifikirie mimi niliyesomeshwa jambo hilo, kisha nikachukua kitu kilekile kinachofaa shambani kwa sababu kinayeyuka, nikakifanya ukuta wa mahali pa kuoga.

Na bodi si jipsamu peke yake. Imefunikwa karatasi pande zote mbili, na karatasi hiyo ndiyo inayoipa nguvu. Karatasi inatokana na miti. Ikilowa ni chakula cha ukungu, na ikilowa au isilowe ni chakula cha mchwa. Yule aliyekula mashine za mahindi yako kule shambani hataona shida kula ukuta wako.

Kule ilikotoka hawaiweki wanapoogea

Hoja ninayoisikia sana ni hii: "Mbona Marekani wanajenga kwa jipsamu?" Ni kweli. Bodi hizi zilianza kutengenezwa kule mwisho wa karne ya 19, na zikaenea katikati ya karne ya 20. Lakini tazama wanajengaje. Nyumba zao nyingi ni za mbao. Ukuta ni nguzo nyembamba za mbao zenye uwazi katikati, na lazima zifunikwe na kitu. Jipsamu inafunika upesi, na moto ukitokea inachelewesha kuungua, kwa kuwa karibu sehemu moja kati ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani yake. Pale ina kazi.

Wewe ukuta wako ni wa tofali au mawe. Tayari ni ukuta. Unaufunika ili iweje?

Tena, hata huko hawafanyi tunavyofanya sisi. Kanuni ya ujenzi wa nyumba inayofuatwa na majimbo mengi ya Marekani hairuhusu kubandika marumaru juu ya bodi ya kawaida ya jipsamu sehemu ya kuogea. Hata ile ya kijani, inayouzwa kwa jina la kustahimili unyevu, iliondolewa sehemu hizo katika miaka ya 2000. Wanatumia bodi za saruji na dawa ya kuzuia maji nyuma ya marumaru. Ukiangalia video zao hadi mwisho utaliona hilo. Tatizo letu tunatazama nusu ya kwanza, bando linaisha.

Bafu letu si kama lao

Wao wengi wanaoga ndani ya sinia au nyuma ya pazia, wana feni ya kutoa mvuke, na maji yanarukia upande mmoja. Sisi tunaoga kwa ndoo na kata. Mtoto akioga, ukuta wa mbele, wa nyuma na mlango vyote vimeoga. Ukimaliza unafua nguo palepale, halafu unamwaga maji ya mwisho kwa nguvu kusafisha sakafu. Dirisha ni dogo, liko juu, na mara nyingi limezibwa na gunia.

Weka na hewa yetu. Saadani upepo wa bahari hauna likizo, ukiacha kusi unakuja kaskazi, na wote umebeba chumvi. Chumvi inavuta unyevu. Wanaovuna chumvi hapa kijijini wanajua gunia la chumvi likikaa wazi usiku wa mvua linavyochuruzika. Ukuta uliojaa chumvi hufanya hivyohivyo. Na zile skrubu nyeusi zinazouzwa pamoja na bodi zimetengenezwa kwa sehemu kavu. Hapa kwetu haziumalizi msimu.

Wazee wetu walilijua hili. Nenda Kaole, pale karibu na Bagamoyo. Kuna kuta za msikiti ulioanzia karne ya 13, za mawe ya matumbawe na chokaa. Paa halipo miaka mingi, mvua inanyesha juu yake, upepo wa bahari unapiga, na kuta bado zinaonekana zimesimama. Bodi yangu ilikuwa chini ya bati na haikumaliza masika moja.

Sisemi turudi kuchoma matumbawe. Hapana, yale ni nyumba ya samaki tunaowategemea, na kuni za tanuri zilimaliza mikoko. Nasema watu wa pwani hii walichagua kitu kinachostahimili maji, nasi tunacho, kinaitwa lipu ya saruji.

Majibu kwa wanaonipinga

*"Jipsamu ni rahisi."* Piga hesabu yote. Usihesabu bei ya bodi peke yake. Hesabu na fremu, skrubu, utepe, puti, rangi, nauli ya gari, na bodi iliyovunjika njiani. Kisha hesabu kwamba utaing'oa na kupiga lipu uliyoikwepa. Mimi nimelipa mara mbili. Cha rahisi ghali.

*"Ni ya haraka."* Kweli, siku tatu. Lipu inataka siku saba za kumwagiliwa kabla hujaendelea. Lakini mnazi unausubiri miaka mingapi? Siku saba zikushinde?

*"Nimenunua ile ya kijani."* Ya kijani inachelewa kuharibika, na kuchelewa si kupona. Imetengenezwa kwa unyevu wa hewani, si kwa maji ya kata. Na ukikata upande mmoja kupitisha bomba, umefungua mlango wa maji kuingia katikati.

*"Nitabandika marumaru juu yake."* Hapo ndipo pabaya zaidi. Maji yanapita kwenye maungio ya marumaru. Saruji na jipsamu zikikutana penye maji huanza kupigana, saruji inavimba na kuachia. Utaona marumaru zimesimama vizuri, kumbe nyuma hakuna kilichozishika. Siku moja zitamdondokea mtoto.

*"Ukuta wangu ni mbaya, nataka kuuficha."* Huyu ndiye nilikuwa mimi. Ukuta unaotoa chumvi unakuambia maji yanapanda kutoka chini au yanavuja kwenye bomba. Ukiufunika umemziba mgonjwa mdomo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukiuficha ufa utajenga na nyumba.

Fanya hivi, na unaweza kufanya mwenyewe

Polemiki bila dawa ni kelele. Hii ndiyo njia niliyoifuata mara ya pili, kwa msaada wa fundi mwashi wa hapahapa kijijini. Vifaa ni mwiko, ubao wa kunyooshea, timazi, pimamaji, patasi, nyundo na brashi ya waya.

1. Tafuta chanzo cha maji kwanza. Kagua bomba, kagua bati, kagua nje: je, maji ya mvua yanasimama karibu na msingi? Chimba mfereji yaondoke. Bila hili usinunue hata mfuko mmoja.

2. Bandua lipu yote iliyooza, na upite nusu meta juu ya pale unyevu unapoishia. Chumvi iondoe kwa brashi kavu. Ukiosha kwa maji unairudisha ndani. Acha ukuta ukauke, ikiwezekana wiki kadhaa za kiangazi. Msimu wa kazi hii ni baada ya masika, si katikati yake.

3. Mchanga usiwe wa ufukweni. Una chumvi, na kuuchota kunaikaribisha bahari nyumbani. Tumia mchanga wa mto uliochotwa juu, maji ya bahari yasikofika. Na maji ya kuchanganyia yawe baridi ya kunywa. Ukiwa na kisima cha maji ya chumvi, kinga ya mvua au nunua madumu machache. Kwa bafu moja hayatakufilisi.

4. Lowesha ukuta kidogo, kisha urushie uji mzito wa saruji na mchanga ubaki na mikwaruzo. Kesho yake piga lipu, ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 4 za mchanga uliochekechwa, unene wa kama milimita 15. Koroga kiasi utakachomaliza ndani ya saa moja. Saruji iliyoanza kuganda usiiongeze maji.

5. Mwagilia lipu asubuhi na jioni siku saba. Wengi wanaruka hatua hii, kisha wanalalamika lipu imepasuka kama tope la bwawa.

6. Sakafu iwe na mteremko kuelekea tundu la maji, kama sentimeta 2 kwa kila meta. Mwaga ndoo moja uangalie. Maji yakituama popote, rekebisha sasa.

7. Paka dawa ya saruji ya kuzuia maji mara mbili, ya pili ikikatisha ya kwanza. Paka sakafu yote na ukuta hadi juu ya kichwa cha mtu mzima pale mnapoogea. Pembe za chini zitie mviringo wa saruji kabla ya kupaka. Ikikauka, ziba tundu, jaza maji sakafuni, yaache saa 24. Yakipungua sana au ukuta wa nje ukilowa, rudia.

8. Mwisho ni urembo. Mwenye uwezo abandike marumaru. Asiye na uwezo apake puti ya saruji nyeupe, na asome mfuko vizuri, maana ipo puti ya saruji na ipo ya jipsamu, na zote ni nyeupe. Ukiinyoosha vizuri na kupiga msasa utapata ukuta laini kama ule wa bodi, ila huu ukiumwagia kata utacheka.

9. Fungua hewa. Dirisha moja kubwa kidogo upande wa upepo na matundu upande wa pili juu. Bafu likikauka kati ya anayeoga asubuhi na anayeoga jioni, umemaliza nusu ya vita vya ukungu.

Je, dari? Bafuni weka dari ya plastiki au bodi ya saruji ukiipata. Ukiwa lazima uweke jipsamu darini, basi iwe ya kijani, kwa skrubu zisizoshika kutu, na hewa ipite. Ukutani pa kuogea, hapana.

Neno kwa wenye maduka na mafundi

Nyinyi wafanyabiashara ni wasomaji wangu na ni majirani zangu. Mteja akija kununua bodi, muulize swali moja: "Ni ya chumba gani?" Akisema bafu, muuzie saruji. Faida yako haipotei, na mwakani atarudi kwako bila kinyongo. Kijiji ni kidogo, na ukuta unaovimba una mdomo.

Na nyinyi mafundi mliojifunza jipsamu mjini, kazi yenu ni nzuri, sebule zenu tunaziona. Lakini fundi hodari ni yule anayejua pa kusema "hapa siweki".

Kuna wenzetu wanaojenga vyumba vya wageni wanaokuja hifadhini. Nao nawaambia: hifadhi ya Saadani imekuwa ya taifa tangu 2005, wageni wapo na wataongezeka barabara ikitengemaa. Mgeni huyo haji kuangalia kona ya dari yako. Anaingia bafuni jioni ametoka jua na vumbi, anataka kuoga. Akikuta ukungu na harufu, anaoga, analala, na asubuhi anawaambia wenzake wasije. Mkopo wa kujengea chumba hicho unaendelea kudai hata chumba kikiwa kitupu.

Mimi sina ugomvi na jipsamu. Nina ugomvi na fedha ya mkulima kuyeyuka. Umepalilia kwa jasho, umelinda ufuta usiliwe na ngiri, umeuza kwa kilo. Usiuchukue msimu mzima ukaubandika ukutani kwa skrubu nyeusi ili masika iutafune.

Anayetaka kuona ukuta wangu wa pili, karibu nyumbani. Kipande cha bodi ya zamani nimekiweka nyuma ya jiko. Njoo ukibonyeze kwa kidole mwenyewe, kisha uende dukani ukiwa umeamua.